Filamu fupi: karamu isiyolika, Raskazone, Tanga. Naomba msaada wa skripti, sauti na chakula

mwana_chumbageni (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za jioni.

Nina skripti ya kurasa 15, kichekesho cha kisurealisti (mambo ya ajabu kama ya ndotoni) kuhusu mabwanyenye. Watu wanane wazito wa mji wamekaa mezani usiku kwenye nyumba kubwa ya zamani Raskazone: mwenye nyumba na mkewe, mfanyabiashara wa mkonge na mkewe, wakili, daktari, mheshimiwa mstaafu, na binti aliyerudi juzi kutoka ng'ambo. Chakula kipo, hakiliwi, maana mgeni rasmi hajafika. Kila wakitaka kuanza linazuka jambo: umeme unakatika, jirani amefiwa, polisi aliyepotea njia anaingia, mtu anasoma risala. Usiku wa manane inakuja kuonekana kwamba hakuna anayeweza kutoka mlangoni. Jina la kazi ni "Waja Leo", kutokana na ule msemo mnaoujua wote mlio Tanga, "waja leo, waondoka leo".

Ninapokwama ni hapa. Tulipoisoma skripti kwa sauti na waigizaji, kicheko kilikuwepo mpaka ukurasa wa 6. Kuanzia wa 7 wakaanza kuuliza, "Lakini kwa nini hawatoki?" Nikafikiria kumaliza kwa mwenye nyumba kuzinduka usingizini, ila moyo hautaki. La pili ni chakula: pilau, samaki wa kupaka na kuku vitakaaje mezani usiku kucha chini ya taa? La tatu ni sauti. Nyumba iko kama mita 80 kutoka baharini, ina AC, feni za dari na friji kongwe. Vifaa ni kamera moja, maiki mbili za kifuani na moja ya fito. Nimepanga usiku mbili, na nyuma ya kamera tuko watu saba.

Majibu ya kiufundi tafadhali. "Kaza buti kijana" nimeshapewa za kutosha.

---

Mzee wa Klapu

Mdogo wangu, waigizaji wako hawakuuliza "kwa nini hawatoki" kwa sababu jambo lenyewe ni la ajabu. Nina hakika kuanzia ukurasa huo wa 7 wahusika wako nao wameanza kushangaa. Mhusika akishangaa, mtazamaji anadai maelezo. Mhusika akiliona jambo kuwa la kawaida na kinachomuudhi ni utovu wa adabu tu, mtazamaji anacheka na hadai kitu.

Mwenye kazi hii ni Luis Buñuel, mwongozaji filamu wa Kihispania, na aliifanya kwa njia mbili tofauti. Katika El ángel exterminador, iliyopigwa Mexico na kutoka 1962, wageni wametoka opera, wamekula, na hawawezi kuvuka kizingiti cha chumba cha muziki ingawa kiko wazi. Angalia inavyoanza. Hakuna anayetamka kwamba amefungwa. Usiku umekuwa mkubwa na hakuna anayeaga. Mmoja analegeza nguo, mwingine anajinyoosha kwenye kochi, mwenye nyumba anaona haya kuwauliza mbona hawaendi, naye anavua koti ili wageni wasijisikie vibaya. Ukija kusikia neno "hatuwezi", watu wameshalala kwenye mazulia. Adabu ndiyo iliyofunga mlango.

Ya pili ni Le Charme discret de la bourgeoisie ya 1972, aliyoiandika na Jean-Claude Carrière, ile iliyopata Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Humo watu sita wanataka kula na hawafanikiwi. Mbegu yake ilikuwa ndogo mno: mtayarishaji Serge Silberman aliwahi kualika watu nyumbani akasahau kumwambia mkewe. Kwa hiyo kikwazo cha kwanza ni hicho tu, wageni wamekuja siku siyo. Cha pili ni mgahawa ambao mwenyewe amefariki na maiti iko chumba cha pembeni, na wahudumu wako tayari kuhudumia. Baadaye wanakwenda mahali pa chai ambapo chai imekwisha na kahawa imekwisha. Baadaye tena wanajeshi wanaingia katikati ya chakula. Halafu pazia linafunguka, kumbe meza iko jukwaani mbele ya hadhira na kuku ni wa bandia. Ni ngazi hiyo: linalowezekana kabisa, linalowezekana kwa shida, lisilowezekana. Wewe umepanga umeme, msiba, polisi na risala kwa uzito mmoja, ndiyo maana kurasa za kati zimelala.

Dawa yake ni hii. Chukua penseli, pembeni ya kila kikwazo andika ni itifaki gani inawalazimisha kukikubali. Usipoipata, kikwazo hicho kitupe. Umeme ukikatika si adabu mgeni kuonyesha ameona jenereta ya mwenye nyumba imekataa kuwaka, hivyo wanaendelea kuzungumza gizani kana kwamba wanaonana. Jirani amefiwa, haifai kula kabla ya kupeleka pole, lakini mheshimiwa hawezi kwenda msibani bila kutangulizwa na mtu wa kumtambulisha, hivyo wanamtuma dereva na bahasha ya rambirambi. Na dereva huyo ndiye peke yake anayejua nyumba ya mgeni rasmi. Unaona? Kikwazo cha pili kimezaa cha tatu. Risala iweke juu kabisa ya ngazi: inasomwa mbele ya kiti kitupu, "itifaki imezingatiwa", wanasimama, wanapiga makofi, halafu inabidi wakae upya kwa kufuata vyeo. Ubishi wa vyeo pekee ni dakika mbili za filamu bila gharama yoyote.

Ndoto: moyo wako umekwambia kweli, usiimalizie hivyo. Ukisema alikuwa anaota, mabwanyenye wote wamesamehewa kwa sekunde tatu. Filamu ya 1972 imejaa ndoto, ila hazitangazwi. Hakuna picha ya ukungu wala kinanda cha kuelea. Mtu anazinduka, tunapumua, halafu inaonekana hata kule kuzinduka kulikuwa ndani ya ndoto ya mwenzake. Ndoto ikitumika hivyo inamnyima mtazamaji pa kujificha. Ikiwekwa mwisho inampa mlango wa kutokea.

Jambo la wafanyakazi wa nyumbani silioni kwenye maelezo yako, na ni kosa kubwa kwa hadithi ya namna hii. Katika ile ya 1962 watumishi wanaanza kuondoka kabla ya chakula, kila mmoja na kisingizio chake, anabaki msimamizi mmoja. Mpishi, dada wa kazi na mlinzi wako wako wapi? Watu wanane ambao hawajui sufuria zinakaa kabati gani ni kichekesho kilichokamilika tayari.

---

Kijana wa Ngamiani

Kwa heshima zote, haya mambo ya Wafaransa hapa hayauziki. Mtazamaji wetu anataka kujua nani kamroga nani. Weka mchekeshaji mmoja mwenye jina, avae suti kubwa, adondoke na sahani. Umemaliza.

---

jikoni_nyuma_ya_kamera

Kaka, nakujibu la chakula maana hapo ndipo filamu za mezani zinapolia.

Kabla ya mapishi, fikiria kawa. Chakula chako hakiliwi, kwa hiyo si lazima kionekane. Weka vyombo sita katikati ya meza, vyote vimefunikwa kawa za ukindu, na sahani nane tupu mbele ya wageni. Nunua kawa nane, sita za kazi na mbili za akiba. Chukua vipimo viwili tu, kama sentimita 40 na 30, rangi zifanane, ili moja ikiharibika usiwe na kazi ya kutafuta pacha wake. Soko la Mgandini uchague kwa mkono, usiagize kwa picha. Usiziweke juu ya chakula cha moto, rangi ya ukindu huvuja ikipata mvuke na ukili unalegea, kufikia usiku wa pili kawa imekaa upande. Ndani weka bakuli kavu lililogeuzwa. Faida yake si ya fedha peke yake: watu wanane wanaotazama kawa kwa njaa wanachekesha kuliko wanaotazama kuku.

Bado utahitaji shoti chache ambazo kawa imefunuliwa. Kwa hizo pika pambo, tofauti na chakula cha watu. Pilau: kilo moja ya mchele, ipikwe kavu, iwe imara kidogo. Geuza bakuli katikati ya sinia, tandaza pilau juu yake, kilo moja itaonekana kama nne. Changanya mafuta na maji kwenye chupa ya kupulizia, nusu kwa nusu, tikisa, pulizia kila baada ya dakika 15 hadi 20, la sivyo punje za juu zinakauka na kuwa nyeupe kwenye kamera. Samaki wa kupaka ndiye msumbufu. Tui likikaa linakatika, mafuta yanapanda juu, na utando unatokea ndani ya nusu saa. Kwa pambo lifanye zito kwa wanga wa mahindi, vijiko viwili vya chakula kwa nusu lita, ulipake samaki dakika moja kabla ya shoti. Kuku usimwivishe, ngozi inajikunja na paja linabaki mfupa. Mchome nusu, halafu mpake mchanganyiko wa sosi ya soya, mafuta na sukari kidogo kwa brashi.

Mvuke ni pamba iliyolowekwa maji yanayochemka, ukaibana kwa uzi nyuma ya chombo upande usioonekana. Unakaa dakika mbili hivi, kwa hiyo mwenye pamba aingie wa mwisho na atoke mbio.

Pambo lote litie chumvi nyingi mno. Nisikilize. Wali uliopikwa ukikaa kwenye joto letu zaidi ya saa mbili unazalisha vijidudu ambao sumu yao haiondoki hata ukipasha moto upya, na mwigizaji mwenye njaa saa saba usiku haulizi. Akionja mara moja akakuta chumvi, harudii. Chakula cha watu wape saa kumi na mbili jioni, kabla ya mavazi. Wapo waongozaji wanaowaacha waigizaji na njaa eti uso uwe wa kweli. Matokeo yake ni watu wanaoigiza njaa, na wewe unataka watu wanaoificha.

Vipande vya barafu tumia vya plastiki angavu. Sharubati ya ukwaju iweke kwa wahusika wawili tu, ikimwagika kwenye kitambaa cheupe haitoki usiku huo. Mishumaa: nunua aina moja, ikate urefu wa namna tatu, na kila sini (onyesho) iwe na urefu wake ulioandikwa kwenye karatasi ya kontinyuiti, ile ya kuhakikisha vitu vinafanana shoti hadi shoti. Usiache iwake kati ya teki, yaani kati ya rudio moja la shoti na jingine.

Wadudu: ukipiga wakati wa vuli, kumbikumbi watakuja kwenye taa zako. Washa balbu nyeupe kali uani, mbali na madirisha, nusu saa kabla. Watakwenda huko.

---

mshika_fito

Sauti.

Mita 80 si mbaya, kinachosumbua ni kubadilika. Hadithi yako ni usiku mmoja mezani, kwa hiyo bahari ya nyuma lazima ifanane kutoka shoti ya saa mbili mpaka ya saa nane. Siku za bamvua, yaani mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji kwetu hujaa jioni na alfajiri na kupwa katikati ya usiku, yanakwenda mbali kabisa na kurudi, na kila shoti inakuwa na bahari yake. Uhariri utasikika unakata. Panga maji mafu, yaani siku za robo ya mwezi, ya kwanza au ya mwisho: maji hayaendi mbali wala hayaji karibu, uvumi ni mmoja usiku wote. Upepo wa kusi ukiwa mkali minazi itakuharibia hata hivyo, basi ziba madirisha ya upande huo kwa kaniki mbili mbili. Utakuwa umeziba na mwanga.

Zima AC, feni na friji kila teki. Funguo za gari la uzalishaji ziweke ndani ya friji. Hamtaondoka asubuhi mkaiacha imezimwa na nyama za watu ndani.

Maiki mbili za kifuani kwa watu wanane ni sawa na hakuna. Usizivalishe. Fito iwe ndiyo maiki kuu, ikitokea juu, sentimita 50 hadi 60 kutoka kichwani, imeelekezwa kifuani. Hizo mbili zifiche mezani: moja kwenye chombo cha maua cha katikati, nyingine upande wa mwenye nyumba nyuma ya birika. Rekodi kwa 48 kHz na biti 24, mazungumzo yacheze kwenye desibeli -20 hivi na vilele visipite -10. Mheshimiwa akisimama kutoa risala atapaza sauti, shusha kabla hajaanza.

Tandika blanketi zito chini ya kitambaa cha meza. Bila hilo kila kijiko kinapiga juu ya neno. Waigizaji wasiguse vyombo mwenzao akizungumza, vishindo vya vijiko na glasi virekodi peke yake mwisho wa usiku. Halafu wakae wote wanane mahali pao, wanyamaze, urekodi ukimya wa chumba sekunde 60. Chumba chenye watu na chumba kitupu havina ukimya mmoja.

Adhana ya Isha inaingia kabla ya saa mbili usiku, na hapo mjini utaisikia kutoka pande kadhaa. Simamisha kazi mpaka iishe. Ni heshima, na pia huwezi kukata sini katikati yake.

Ushauri wa bure kuhusu kichekesho cha sauti: katika filamu ile ya 1972 sababu ya polisi kuambiwa wawaachie watu hawa inafunikwa na kelele za ndege, na inaporudiwa kwa mwingine inafunikwa na taipureta. Hatuisikii hata mara moja. Wewe una honi ya meli, mji wa bandari. Mtu akiulizwa kwa nini mgeni rasmi amechelewa, anajibu kwa kirefu, honi inalia. Lakini andika jibu lote kwenye skripti na ulirekodi safi. Mwigizaji akichezesha midomo bila maneno, macho yanamuumbua. Honi iongezwe kwenye uhariri, iwe juu ya sauti yake kwa desibeli 6 hadi 10, ianze baada ya "sababu ni kwamba" na imalizike hasa kabla ya "kwa hiyo tumeelewana". Ikibaki sekunde moja ya ukimya katikati, mzaha umekufa. Na ikilia zaidi ya mara mbili kwenye filamu ya dakika 10, umeua mwenyewe.

Muziki usiweke. Ile ya 1972 haina muziki wa kubandika. Zumari la kuchekesha linamwambia mtazamaji acheke wapi, naye anagoma.

---

Mzee wa Klapu

Kijana wa Ngamiani, mtazamaji wetu unamdharau bure. Nani hapa hajasikia Abunuwasi na sufuria? Kaazima sufuria kwa jirani, karudisha na kisufuria kidogo, kasema imezaa. Jirani kapokea zote mbili bila kuuliza, maana amefaidika. Safari ya pili Abunuwasi akasema sufuria imekufa, ndipo jirani akakumbuka kwamba sufuria hazifi. Hicho ndicho kichekesho tunachokijadili hapa, na kimesimuliwa barazani kabla kamera haijazaliwa. Tajiri anakubali upuuzi wowote mradi unamfaa. Na kwa jukwaa letu, Ebrahim Hussein aliandika tamthilia ya Mashetani 1971, yenye shetani, ndoto na tabaka jipya la wenye nafasi, ikasomwa mashuleni miaka na miaka. Hakuna aliyelalamika kwamba ni ya Wafaransa.

Hapo una kipimo kingine, mwana_chumbageni: kila ajabu kwenye skripti yako, uliza nani kati ya wanane inamfaa isiyoelezwa. Daktari anafaidika jenereta isipowaka, hataonekana amevaa saa ya nani. Wakili anafaidika mgeni rasmi asipofika, ana kesi naye. Wote wanane wakiwa na sababu yao ya siri ya kutotaka usiku uishe, hutahitaji kueleza mlango.

Suti kubwa na kudondoka na sahani? Katika ile ya 1962 mhudumu anaanguka na sinia la chakula mbele ya wageni, nao wanaangua kicheko wakidhani mwenye nyumba kawaandalia mzaha. Kuanguka si tatizo. Angalia anayecheka ni nani.

---

ratiba_kwanza

Kurasa 15 kwa usiku mbili hazipigiki. Hesabu: mnaanza saa moja jioni, mnaacha saa tisa usiku, toa saa moja ya chakula na adhana, zimebaki saba. Kupanga kamera, taa na fito kwa meza ya watu wanane ni dakika 30 hadi 40 kila mara. Hizo ni pangilio 10 hadi 14 kwa usiku, sawa na kurasa nne, tano mkiwa wepesi. Ama punguza mpaka kurasa 9 au 10, ama tafuta usiku wa tatu. Mimi ningepunguza. Polisi mtoe kwanza: sare ya polisi kuvaliwa bila ruhusa ni kosa kisheria, na kuifuatilia ruhusa yake kutakula wiki. Weka fundi aliyekuja kukata umeme. Anakaribishwa chakula, anasema ameshiba, anakaa, na sasa yeye ndiye mwenye cheo cha juu mezani kwa kuwa koleo liko mkononi mwake.

Meza iwe ndefu, si ya duara. Kwenye duara mistari ya macho inakuvuruga: kila anayeongea anatazama upande mwingine na kwenye uhariri hawaonekani kutazamana. Kwenye ndefu chagua upande mmoja wa kamera usiuvuke. Piga kwanza shoti pana ya meza nzima, sini yote bila kukata, teki tatu. Halafu wanne wa upande wa kulia, wawili wawili, ndipo ugeuze taa mara moja tu kwa wanne wa kushoto. Kamera iwe usawa wa macho ya aliyekaa, mita 1.1 hadi 1.2. Picha za uso mtupu weka akiba mbili au tatu tu. Kichekesho hiki kinaishi kwenye shoti ambamo mmoja anasema na watatu wanajifanya hawajasikia.

Umeme wetu ni Hz 50. Piga fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50, la sivyo baadhi ya taa za nyumba zitapepesa kwenye picha na hutaiona mpaka nyumbani. Jenereta weka mita 30 au 40 nyuma ya ukuta, moshi uelekee baharini, waya wa milimita 2.5 za mraba. Kwa taa mbili za LED za wati 300 jenereta ya kVA 2 inatosha na nafasi inabaki.

AC zikiwa zimezimwa, suti nane na taa zitaleta jasho ndani ya dakika 20. Epuka suti za kijivu na mashati ya bluu hafifu, ndiyo yanayoonyesha maji kwapani vibaya kuliko yote. Kanzu nyeupe na suti nyeusi zinavumilia. AC iwashwe kila mnapogeuza taa. Piga kwa mpangilio wa hadithi: mavazi yanalegea na nyuso zinachoka zenyewe, hutalazimika kurudisha mtu usafi saa saba usiku.

Nyumba usiitembeze. Kamera ikipita taratibu juu ya taa za kioo na shangingi uani, umefanya tangazo, na mtazamaji anatamani badala ya kucheka. Ukuta wenye unyevu nyuma ya mheshimiwa unatosha.

Kibali: Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976 inakutaka upate kibali cha Bodi ya Filamu kabla ya kupiga, na filamu ikaguliwe na kupewa daraja kabla ya kuonyeshwa hadharani. Skripti utaiwasilisha, kwa hiyo malizia marekebisho ya Mzee kwanza. Pata na barua ya serikali ya mtaa, na mkataba wa maandishi na mwenye nyumba unaotaja vyumba mtakavyoingia na nani analipia kilichovunjika.

---

mwana_chumbageni

Shikamoo Mzee, na shukrani kwenu wote. Nimekata mpaka kurasa 10. Polisi nje, fundi wa umeme ndani, kawa ndani, ndoto nje. Binti wa ng'ambo na dada wa kazi nimewaandikia upya.

Yamebaki mawili. Kawa ikifunuliwa mwisho, chini yake kuwe na nini? Na mlango: naupigaje huo wa kutotoka bila kuonekana wanaigiza ukuta usioonekana?

---

jikoni_nyuma_ya_kamera

Chini ya kawa kuwe na kawa ndogo. Zile za sentimita 30 ulizonunua. Mkewe mwenye nyumba anaifunua, anaiona, anairudishia kwa upole na kusema, "Bado cha moto." Usifunue ya pili.

---

Mzee wa Klapu

Marahaba.

Katika filamu ya 1962 wanatoka kwa kurudi walipokuwa wamekaa usiku wa kwanza na kurudia maneno yaleyale. Halafu wanakwenda kanisani na kunasa upya. Usiichukue hiyo, tayari unayo yako. Mlangoni kwetu watu wanasemaje? "Tangulia mzee." "Hapana, tangulia wewe mheshimiwa." "Mgeni mbele." "Mama kwanza jamani." Wanane hao hakuna anayeweza kutangulia bila kuvunja itifaki, basi. Hakuna ukuta wa kuigiza.

Piga shoti moja bila kukata, dakika mbili. Kamera iwe nje uani, mita tatu kutoka mlangoni, lenzi ya milimita 35, urefu mita 1.2, mlango wazi kabisa. Bandika utepe sakafuni sentimita 60 ndani ya kizingiti, hakuna kidole cha mguu kinachoupita. Mwambie kila mmoja ana haraka ya kweli ya kwenda nyumbani: mwingine dawa, mwingine gari limezuia njia, mwingine anabanwa haja. Ukarimu uongezeke kwa kadiri haraka inavyoongezeka, sauti zisipande.

Sekunde ya 40, dada wa kazi anapita katikati yao na ndoo ya taka. "Naombeni njia." Wanampisha bila kumtazama, anatoka, anamwaga nje ya fremu, anarudi, anaingia. Sekunde ya 90 anatoka tena, safari hii na mkoba wake begani na ile ndoo, harudi. Wao wanaendelea kutangulizana mpaka ukate.

Fanya mazoezi ya njia yake mara tano bila kamera, kwa sababu akigusana na mtu hata kidogo macho yote yatamwendea yeye. Ndoo usimpe tupu, mkono wa mtu aliyebeba ndoo tupu unajulikana. Tia kilo mbili za mchanga chini, taka juu.